Miezi Minne ya Kungoja: Maneno kwa Wazazi wa Darasa la Saba

Hotuba hii ilitolewa na Afisa Ustawi wa Jamii mbele ya wazazi na walezi, katika mkutano wa kata uliofanyika juma moja baada ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Jarida linaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimepewa nusu saa, na jua mnaliona lilipo, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta. Juma lililopita watoto wetu wa darasa la saba waliweka kalamu chini. Tangu siku ile hadi Januari hakuna kengele ya asubuhi, hakuna zamu ya kufagia, hakuna mwalimu wa kuita majina. Matokeo ya Baraza la Mitihani huja mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba, uchaguzi wa shule hufuata, na kidato cha kwanza huanza Januari. Ni karibu miezi minne. Kwa mtu mzima, miezi minne ni msimu mmoja wa mahindi. Kwa mtoto wa miaka 13 ni muda mrefu kupita kiasi, naye huupitisha akiwa na swali moja kifuani: nikikosa, nitakuwa nani?

Ombi langu leo ni kwamba swali hilo lijibiwe nyumbani, kwa maneno ya wazi, kabla matokeo hayajatoka. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo.

Neno "afya ya akili" huwatisha wengi. Likitajwa mkutanoni watu hutazamana, kwa kuwa linawajia kwa sura ya mtu aliyevaa matambara akizunguka stendi. Mtu yule ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, naye anastahili tiba. Lakini leo sikuja kuzungumza habari zake. Afya ya akili ya mtoto ni uwezo wake wa kulala, kula, kucheza, kusoma, kugombana na ndugu yake na kupatana naye kabla ya chakula cha jioni. Uwezo huo hupungua kwa mtoto yeyote anapobebeshwa mzigo uliomzidi kimo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la watoto 70, ambalo kwetu si la ajabu, laweza kuwa na watoto 10 wa namna hiyo. Hatuwaoni kwa sababu wengi wao si watundu. Hukaa kimya, na sisi mtoto mkimya tunamsifu kuwa ana adabu.

Wazee waliopo hapa huenda walisikia habari ya Kashasha, kule Kagera. Tarehe 30 Januari 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana wa shule moja ya bweni walishikwa na kicheko kisichozuilika, kicheko kikageuka kilio, na hali hiyo ikamtoka mmoja ikamwingia mwenzake. Kati ya wasichana 159, walipatwa 95, na mwezi Machi shule ikafungwa. Walipotawanyika makwao, jambo lile likajitokeza na vijijini. Madaktari walichunguza, hawakuona sumu wala vijidudu. Waliolitafiti baadaye walilihusisha na shinikizo walilokuwa nalo watoto wale, na mwili ukasema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa kukisema.

Naitaja habari hiyo kwa sababu mpaka leo mabinti wakianguka shuleni na kupiga mayowe, la kwanza kusemwa ni mapepo, na la pili ni kwamba kuna mtu anawaloga. Viongozi wangu wa dini, sizuii maombi. Naomba tu kwamba baada ya maombi tuulize pia: mtihani uko lini? Nani aliadhibiwa juzi? Kitu gani kinaendelea bwenini usiku? Mara nyingi jibu liko hapo, tena la kidunia kabisa.

Sasa nifike mahali pagumu.

Wapo watoto wanaoingia katika chumba cha mtihani wakiwa wameagizwa na nyumbani washindwe. Hilo si uvumi. Viongozi wa mikoa na wilaya mbalimbali nchini wamelikemea hadharani mara nyingi. Binti anaambiwa, "Ukifaulu, fedha tutazitoa wapi? Andika ovyo." Mvulana anaambiwa ng'ombe hawana mchungaji. Sitanyoosha kidole kwa nyumba yoyote katika mkutano huu. Lakini hebu tumtazame mtoto huyo kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu amemfundisha miaka 7, amemkalisha kambi ya masomo, amemwambia wewe utatutoa kimasomaso. Baba amemwambia kinyume chake. Akimtii mwalimu, amemsaliti baba. Akimtii baba, amejisaliti mwenyewe. Hawezi kumweleza yeyote. Akifaulu anaogopa kurudi nyumbani; akishindwa, kijiji kizima kinamwona mjinga kwa kosa alilotumwa kulitenda. Sijui mzigo mzito kuliko huo unaoweza kuwekwa juu ya mabega ya mtoto wa miaka 13, na nimeifanya kazi hii muda mrefu.

Kama yupo mzazi hapa ambaye maneno ya namna hiyo yalitoka kinywani mwake, hata kwa mzaha, hata kwa hasira ya siku moja, namsihi akamwambie mtoto leo jioni: "Lile neno nimelifuta. Ukichaguliwa, utakwenda." Mtihani umekwishafanyika, lakini mtoto bado analibeba neno lile. Kulifuta hakugharimu chochote.

Najua chanzo cha maneno hayo mara nyingi ni fedha, wala si chuki. Basi tuzungumze fedha. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa tangu mwaka 2016. Serikali imekwisha kuelekeza pia kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu tu hana sare mpya. Gharama zilizobaki ni za kweli, nami sitawadanganya: madaftari, sare, chakula cha mchana, nauli kwa wanaokaa mbali. Ndiyo maana nawaambia zipangwe Oktoba. Gunia la mahindi lililotengwa Oktoba kwa jina la mtoto haligeuki mkopo wa riba Januari. Na mtoto akiliona gunia lile limewekwa pembeni, akaambiwa "hili ni lako", atalala usingizi. Nimeona gunia likifanya kazi ambayo maneno yangu ya ushauri nasaha yalishindwa kuifanya.

Liko jambo jingine la miezi hii. Oktoba huja wageni. Anakuja mtu kutoka mjini, pengine ni ndugu, pengine ni rafiki wa ndugu, anasema binti akakae naye kwa muda tu, amsaidie kulea mtoto, naye atamtafutia shule huko huko. Januari jina liko kwenye ubao wa matangazo ya shule, mwenye jina hayupo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Na kuhusu kuozesha, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kwa ofisi yangu, mtoto anayengoja matokeo ni mwanafunzi. Wenyeviti wa vijiji, tafadhali, mtoto wa darasa la saba akiondoka kijijini miezi hii, mjue amekwenda wapi na kwa nani.

Sasa, hayo mazungumzo ya nyumbani yafanyikeje? Wazazi wengi hunijia na kusema, "Afisa, nimemkalisha nikamuuliza, hasemi kitu." Mtoto wa umri huu hasemi akikalishwa. Ukimweka mbele yako kama mshitakiwa mbele ya baraza la kata, atajitetea kwa kunyamaza. Mnapopukuchua mahindi pamoja, mnapokwenda kisimani, mnapochunga, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine, hapo maneno hutoka. Wala usianze kwa kumuuliza anataka kuwa nani. Swali hilo tumelizoesha vibaya: watoto wote hujibu daktari au rubani kwa sababu wamejifunza kwamba jibu hilo humfurahisha mkubwa. Muulize anaogopa nini. Muulize, jina lako lisipoonekana, unadhani sisi tutafanya nini? Utashangaa majibu. Nimesikia mtoto akisema kwamba alidhani atafukuzwa nyumbani. Baba yake, aliyekuwa pembeni, hakuwahi hata kuliwaza jambo hilo.

Baada ya kumsikiliza, mwonyeshe njia, na ziwe zaidi ya moja. Akichaguliwa, kuna shule yetu ya sekondari. Mitaala mipya imekuja na mikondo miwili katika sekondari, elimu ya jumla na elimu ya amali, na baadhi ya shule zimekwisha kuanza kufundisha amali, yaani mtoto anasoma huku akijifunza fani ya mkono. Asipochaguliwa, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inayo masomo ya sekondari nje ya mfumo rasmi: mtoto husoma, hufanya Mtihani wa Maarifa, kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti anachopata hutoka Baraza lile lile la Mitihani. Vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na vipo vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ambako hujifunza ushonaji, uashi, umeme, ufundi magari na mengineyo. Umri na sifa za kuingia hutofautiana kati ya chuo na chuo na fani na fani, kwa hiyo ulizeni mapema. Afisa Elimu Kata anazo taarifa na atawasaidia. Kwa binti aliyeacha masomo kwa ajili ya ujauzito mlango umefunguliwa: tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Narudia hili kila mkutano, na kila mkutano yupo anayelisikia kwa mara ya kwanza.

Sisemi haya ili mtoto asijitahidi. Mtoto anayejua kwamba kuna njia ya pili hutembea ile ya kwanza bila kutetemeka. Wazazi wenye watoto wa madarasa ya chini mfahamu pia kwamba Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, imepanga elimu ya msingi iwe ya miaka 6, na elimu ya lazima ifike kidato cha nne. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Watoto watakaoingia kidato cha kwanza watakuwa wadogo zaidi kuliko tuliowazoea. Sera hubadilika kwa waraka; hofu ya mtihani haibadiliki kwa waraka, wala matusi ya "mbumbumbu" hayafutwi na Wizara.

Niseme kidogo juu ya wale watakaochaguliwa, maana tunadhani shida yao imekwisha. Mtoto amesoma miaka 7 kwa Kiswahili. Januari anaingia darasani, na ukiondoa Kiswahili chenyewe na masomo machache, yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa wa pili darasani anakuwa kama bubu. Anajua jibu, hana maneno ya kulitoa. Wengine huanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, na tumbo linauma kweli, si uongo. Wengine huondoka nyumbani asubuhi wakaishia vichakani au kijiweni. Mzazi asiyejua Kiingereza hudhani hana msaada wa kutoa, nami nakataa. Jioni mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, jambo moja alilojifunza siku hiyo. Akishindwa kulieleza, kesho atamuuliza mwalimu. Akiweza, atajua kwamba bado ana akili zake zile zile. Robo saa inatosha.

Walimu wakuu mtanisamehe, lakini nitaje na fimbo. Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, haizidi viboko 4, na huandikwa katika kitabu. Mtoto anayepigwa kwa kushindwa kujibu kwa Kiingereza hujifunza kwamba kunyamaza ndiko salama, na mwanafunzi aliyenyamaza kidato cha kwanza tutamkuta kwenye upimaji wa kidato cha pili akilazimika kukariri darasa, wakati wenzake wamemwacha. Kila shule inapaswa kuwa na mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Katika shule nyingine yupo kwa jina tu, kwa kuwa ana vipindi vingi kuliko uwezo wake. Bodi za shule naziomba zimpunguzie vipindi viwili vitatu. Hilo haliombwi bajeti.

Dalili za kuangalia hazihitaji daktari. Mtoto aliyependa mpira hataki tena mpira. Halali, au analala mchana kutwa. Hali, au anakula bila kujua anakula nini. Anakasirika kwa neno dogo. Kichwa na tumbo haviishi, na zahanati haioni ugonjwa. Anagawa vitu vyake anavyovipenda. Moja kati ya hayo kwa siku mbili ni kawaida ya umri. Yakikusanyika na kupita majuma mawili, msimngojee mtoto akue ayaache.

Na akisema afadhali nisingezaliwa, au mngepumzika nisingekuwepo, msicheke wala msimkemee kwamba anaita mkosi. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Watu wengi huogopa kuuliza, wakidhani kuuliza ni kumfundisha. Sivyo ilivyo. Kuuliza humpa nafasi ya kulitua neno alilokuwa analibeba peke yake. Asiachwe peke yake siku hiyo. Dawa za shambani na za mifugo zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mzima. Na hili lifanyike katika kila nyumba, hata ambayo haina wasiwasi wowote. Kisha mleteni. Kituo cha afya kitampokea na kumpeleka hospitali ya wilaya ikihitajika, na huko yuko mratibu wa afya ya akili. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kumuomba mtu ruhusa. Kama nyuma ya hali hiyo kuna kupigwa, kubakwa au kulazimishwa kuolewa, Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo cha polisi, na mimi nitawasindikiza. Tafadhali, mambo hayo yasimalizwe kwa kulipana mbuzi.

Kuanzia Jumamosi ijayo, na kila Jumamosi hadi mwisho wa Novemba, nitakuwa ofisi ya kata pamoja na Afisa Elimu Kata, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Njooni na watoto wenu wa darasa la saba, mzazi mmoja au walezi wote. Tutakaa na kila mtoto, tutaandika karatasi moja yenye njia yake ya kwanza, ya pili na ya tatu, na gharama ya kila njia, nayo mtaondoka nayo. Walezi wa yatima na kaya zilizo katika mpango wa TASAF waje mapema zaidi, kwa kuwa maombi ya msaada wa sare yanachukua muda. Asiyeweza kufika kwa ugonjwa au umri amwambie mwenyekiti wa kijiji, nitamfuata kwake.

Mheshimiwa Diwani, nimemaliza. Ninaona mama mmoja kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja wageni wa Oktoba. Karibu, mama, uliza.